Karo Lililolishwa Bahari

Vijana wangu mnaoshika koleo sasa, nianze na jambo ambalo mtu wa kwanza kunifundisha kazi aliniambia nikacheka. Alisema karo la choo ni mfugo. Lina tumbo, linakula, linacheua, na ukililisha visivyo linakufa. Nilicheka kwa sababu nilikuwa kijana kama ninyi, na kijana akiona shimo anaona shimo tu. Leo nina mgongo usionyooka na magoti yanayojua mvua inakuja kabla ya redio, na bado nawaambia maneno yale yale. Juzi nimemwona mmoja wenu, jina lake nalisitiri kwa heshima ya mama yake, akimwaga mfuko wa chumvi ya mawe kwenye choo cha mteja, eti anashusha shimo. Nikarudi nyumbani na hasira, nikaona bora niwaandikie habari ya nyumba ya Bi Zuhura.

Kwa asiyejua kazi yetu, karo ni chumba cha saruji kilichozikwa ardhini. Uchafu unaingia upande mmoja, mzito unatulia chini, mafuta yanaelea juu, na katikati yanabaki maji yanayotoka upande wa pili kwenda kwenye shimo la kunyonya, ambalo tunalijaza mawe na vipande vya matofali ili ardhi iyanywe polepole. Ule uchafu mzito unaobaki chini unaliwa na vijidudu wasioonekana kwa macho. Hao ndio mfugo wenyewe. Ukijua hilo utaona kwamba fundi hajengi choo, anajenga zizi.

Aliyeniambia hayo ni marehemu Mzee Mponda, mtu aliyenitoa kwenye jembe akanipa sululu. Mzee huyu alikuwa haamini macho yake. Akifika kiwanjani, salamu hazijaisha vizuri, ameshachota udongo wa chini kidogo na kuutia mdomoni. Ukisagika kwenye meno, anatikisa kichwa kwa kuridhika, maana una mchanga na maji yatapita. Ukiteleza kwenye ulimi kama uji, anatema na kusema, hapa maji yatakaa kama mgeni asiyejua kuaga. Mimi nilikuwa naona haya kuandamana naye. Wenye nyumba walimletea kikombe cha maji asukutue, wengine wakamwonea huruma wakidhani ana hamu ya udongo kama mama mjamzito.

Kosa langu la kwanza nikiwa peke yangu nililifanya Mkula. Nilichimba wakati wa kiangazi, ardhi kavu mpaka inalia chini ya sululu, nikajenga karo zuri nikapiga na nakshi kwenye mfuniko. Masika yalipokuja, maji ya ardhini yakapanda yakaingia kwenye shimo la kunyonya, yakarudi kwenye karo, likajaa mpaka juu kabla mwenye nyumba hajalitumia hata mara moja. Nilimwita Mzee Mponda. Akalitazama, akachota kwa kata, akaonja kama kawaida yake, akaniambia, "Fulgensi, umemchimbia kisima. Mwambie anunue ndoo." Tangu siku hiyo, kabla sijachimba mahali popote katika bonde hili, nauliza kwanza wenyeji maji ya masika yanafika wapi. Mang'ula kwenye changarawe za mlimani unaweza kulala usingizi. Huku Ifakara kwenye udongo mweusi, lala jicho moja.

Basi, Bwana Hemedi alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi na vyakula nyuma ya soko. Asili yake Kilwa, mtu wa kanzu safi na sauti ya chini, anayekupunguzia bei huku akikufanya uone aibu kuomba ipunguzwe. Mwanzoni mwa miaka ya tisini aliweka choo cha ndani cha kuvuta maji, na kazi ya karo akanipa mimi. Nilijua udongo wake ni mfinyanzi, kwa hiyo shimo la kunyonya nililifanya pana kuliko desturi, nikalizungushia mchanga wa mtoni. Lilifanya kazi vizuri misimu kadhaa. Nilikuwa nikipita pale nafungua mfuniko bila hata kuombwa, nanusa, nasikia harufu ya choo chenye afya, naenda zangu nimefurahi. Mke wangu alisema nina wazimu, na sikumbishia.

Mkewe Bwana Hemedi ndiye Bi Zuhura. Mwembamba, mrefu, mwenye macho ya kukupima. Mikononi alivaa bangili za fedha, na moja kati ya hizo, nene yenye mistari, ilikuwa ya marehemu mama yake. Nyingine alizivua kila alipotawadha akaziweka kwenye dirisha la bafu, lakini ile ya mama yake haikuwahi kutoka mkononi.

Kaka yake alikuwa akimfanyia kazi mzungu mmoja huko pwani aliyefuga samaki wa baharini kwenye tangi la kioo. Mzungu alipoondoka, tangi likabaki, na kaka mtu akalipakia kwenye lori la mizigo likiwa limevingirishwa magodoro, likafika Ifakara bila ufa. Nyuma yake yakaja mapipa ya maji ya bahari, na samaki wenyewe kwenye ndoo zenye vifuniko: vitatange wawili wa manjano na weusi, visamaki vidogo vya buluu, na kaa mmoja aliyejificha kwenye kombe. Tangi lilikuwa na urefu wa kitanda. Bwana Hemedi alidhani ni pambo la sebule, kitu cha kujazwa mara moja na kutazamwa. Alipoambiwa lori litaleta bahari mara kwa mara, alimwuliza mkewe kama amepoteza akili. Mimi nilikuwepo, narekebisha mfereji uani, na jibu nililisikia.

"Nilikuja huku na wewe, sikuja na bahari," Bi Zuhura alisema. "Miaka yote sikukudai kitu. Kipande hiki kimoja nitakaa nacho."

Basi samaki wakabaki.

Mtaa mzima ulipita kuwaona. Mimi ni Mndamba, watu wa mto. Samaki tumewala tangu tumeumbwa, kuwalisha ndio hatukuwahi. Jirani mmoja aliuliza wataiva lini. Mwingine alitaka kujua, kama wanaishi kwenye chumvi, wakipikwa itabidi kutia tena au la. Bi Zuhura aliwajibu wote kwa upole uleule, halafu akiwa peke yake akacheka mpaka anashika mbavu.

Na kuwatunza hakukuwa mchezo. Kulikuwa na kipampu cha umeme cha kupuliza hewa, na ninyi mnajua umeme wa miaka ile ulivyokuwa unakuja na kuondoka. Ukikatika, Bi Zuhura alichukua pampu ya baiskeli aliyoifunga mpira mwembamba, akakaa kwenye kigoda na kuwapulizia samaki wake pumzi huku akipokea wageni. Joto likizidi, alifunika kioo kwa gunia lililoloweshwa. Alijifunza asiwashibishe, maana chakula kinachobaki ndicho kinachooza. Na kila mara alichota maji machafu ya tangi kwa ndoo, akaongeza mapya. Hayo machafu ndiyo yaliyoleta mkasa.

Ayapeleke wapi? Kwenye mchicha, mchicha ungekufa. Barabarani, watu wangesema. Aliniuliza mimi kama fundi wa nyumba, nami nikamwambia amwage chooni bila wasiwasi, maana chumvi inashusha shimo. Bwana Hemedi alisema vilevile. Mzee Mponda, aliyekuwa bado hai, alisema vilevile, na wazee wote wa hapa na wa pwani wangesema hivyo. Kwenye choo cha shimo cha kienyeji watu wametia chumvi ya mawe na majivu tangu zamani, na wanaapa kwamba shimo linashuka na harufu inakata. Sibishani na choo cha shimo. Lakini karo si choo cha shimo, na hapo ndipo sote, pwani na bara, tulipokuwa na kichwa kimoja kibovu.

Bi Zuhura alifurahi mno kusikia hivyo. Badala ya kuona taka, aliona dawa. Akawa anabadilisha maji ya tangi mara nyingi kuliko samaki walivyohitaji, ndoo kwa ndoo, huku akijisifu kwamba nyumba nzima inafaidika na samaki wake.

Baada ya muda bafu likaanza kunuka yai viza. Tulifanya nini? Tuliongeza chumvi. Bwana Hemedi akatoa dukani mfuko ulioloa wa chumvi ya mawe, tukaumimina wote. Harufu ikazidi, tukamimina mwingine. Kadiri mgonjwa alivyozidiwa ndivyo tulivyomwongezea sumu kwa mkono wa ukarimu. Kisha choo kikawa kinavuta kwa kusuasua, na siku moja maji machafu yakachuruzika juu ya ardhi pale nilipolifukia shimo la kunyonya, yakaelekea upande wa kisima cha jirani.

Bwana afya wa mtaa alikuja, akaziba pua, akatoa uamuzi. Kama maji yale hayajakoma kabla ya masika, choo kitafungwa kwa saruji na wenye nyumba wahame mpaka wajenge kingine. Bwana Hemedi alinikuta dukani kwake nimekwenda kununua misumari. Hakuinua sauti, hakuwa mtu wa hivyo, lakini alisema mbele ya wateja kwamba nilimjengea karo la kitapeli, na kwamba mtu mwingine anayetaka kujengewa afikirie mara mbili. Niliacha misumari mezani nikatoka. Nawaambieni ukweli, niliumia. Sikuwa na kiwanda wala shamba kubwa. Nilikuwa na jina tu, na jina lenyewe lilikuwa limezikwa kwenye ua wa yule bwana.

Kesho yake nilirudi bila kuitwa. Kama karo langu limekufa, niliapa, nitajua limekufa kwa nini.

Nilimkuta Bi Zuhura ameketi barazani na bangili zake kwenye sinia, anazisugua kwa jivu. Zilikuwa nyeusi kama zimetolewa jikoni. Alisema ni husuda, kuna jirani amezitia jicho tangu samaki waje. Nilitazama mkono wake. Bangili ya mama yake, ile isiyovuliwa, ilikuwa na ukungu kidogo tu. Nikamwuliza hizo nyingine huziweka wapi. Dirishani bafuni, akasema. Nikamwambia basi jirani huyo anafanya uchawi wake bafuni peke yake, na huo ni uvivu. Hakucheka.

Nikaenda uani. Migomba iliyokuwa karibu na shimo la kunyonya ilikuwa imeungua kingo za majani, zimekuwa kahawia na kujikunja, wakati migomba ya upande wa pili ilikuwa mibichi. Maji ya choo hustawisha mgomba, hayauunguzi. Nikachimba kidogo pembeni. Udongo uliotoka ulikuwa umegandamana, laini kama sabuni, haupitishi kitu. Nilisimama pale muda, nikamkumbuka Mzee Mponda. Nikatazama huku na huku, nikachota kiasi cha kidole, nikaonja.

Ilikuwa bahari. Sikuwahi kuiona bahari maishani mwangu, lakini niliijua pale pale kwa ulimi, nikiwa nimepiga magoti kwenye ua wa watu Ifakara. Mtumishi wa jikoni aliyekuwa akiniangalia dirishani aliacha kunipikia chai tangu siku hiyo.

Baadaye sana mwalimu mmoja wa sayansi alinieleza sababu. Maji ya bahari yana kitu kingine zaidi ya chumvi ya kula, na kwenye karo lisilo na hewa kitu hicho hugeuka kuwa hewa inayonuka yai viza, nayo ndiyo inayoitia fedha weusi. Chumvi ikizidi huwadhoofisha wale vijidudu wanaokula uchafu. Halafu udongo wa mfinyanzi ukinyweshwa chumvi hufunga matundu yake yote. Siku ile sikuyajua hayo kwa majina. Nilijua tu nani ameua mfugo wangu, na kwamba aliyemuua anaogelea sebuleni.

Sasa fikirini nilikuwa wapi. Nikimwambia Bwana Hemedi, jina langu limepona palepale, na samaki wanatoka siku hiyohiyo. Nikinyamaza, samaki wanakaa, choo kinazibwa, na mimi nabaki tapeli. Niliamua nimwambie Bi Zuhura kwanza. Alisikiliza mpaka mwisho, bangili zikiwa mapajani.

"Kwa hiyo umekuja kuwaua samaki wangu," akasema.

Nikamwambia nimekuja kulifufua karo, na samaki sijawagusa. Lakini maji yao yasiingie tena chooni hata kikombe. Atafute pa kuyapeleka ambapo si choo, si bustani, si karibu na kisima, si mtoni.

Machozi yalimlengalenga, nami nikageuka kutazama ukuta. Halafu akauliza, kwa sauti nyingine kabisa, kama najua kujenga jaruba. Nikamwambia Mndamba gani asiyejua jaruba, tunalima mpunga humo. Akasema si la mpunga. Kwao Kilwa shangazi zake waliingiza maji ya bahari kwenye majaruba yenye kina kifupi, jua likayanywa, wakazoa chumvi.

"Jua la huku linashinda la kwetu," alisema. "Yakaushe, Fundi. Yakikauka hayana pa kwenda."

Nataka mlijue hili vizuri: dawa aliitoa yeye. Mimi nilikuwa na pua na ulimi tu.

Tulikwenda dukani pamoja. Bwana Hemedi alisikia yote kuhusu chumvi na bangili, akaniomba radhi kwa maneno mafupi ya kiungwana, halafu akasema kama nilivyoogopa. Sababu imejulikana, samaki watoke. Bi Zuhura hakupandisha sauti. Aliishika bangili ya mama yake, akaivuta. Haikutaka kupita kwenye fundo la mkono. Akaipaka mafuta ya nazi ya pale dukani, akaivuta tena mpaka ikatoka, na mahali ilipokuwa palibaki alama nyeupe. Akaiweka juu ya meza ya duka.

"Ataisugua Fundi mpaka ing'ae, na itatundikwa bafuni mwako," alimwambia mumewe. "Masika yakiisha, ukiikuta nyeusi, samaki nitawatoa kwa mkono wangu. Ukiikuta nyeupe, usiniambie tena habari ya bahari yangu."

Bwana Hemedi aliitazama bangili muda mrefu. Alijua ilikuwa ya nani. Akasema, "Haya."

Sijawahi kufanya kazi kwa bidii kama ile. Karo tulilitapisha lote, na hiyo kazi sitawaeleza, mtaijua kwa pua zenu. Shimo la zamani la kunyonya nililiacha lipumzike na kuchimba jipya upande wa juu, mbali na kisima, mahali ambapo udongo ulisagika kwenye meno. Nililijaza mawe ya mtoni na matofali yaliyovunjika. Kisha karo likahitaji vijidudu wapya, maana zizi tupu halizai. Mzee Mponda aliponiambia zamani kwamba karo jipya hupewa samadi mbichi kuanzisha maisha, nilidhani ananitania. Safari hii nilimwendea Bwana Masanja, Msukuma mmoja aliyekuwa amehamia upande wa Michenga na ng'ombe wake, nikamwomba ndoo za samadi. Aliniuliza nafanyia nini. Nikamwambia nalisha choo. Akanitazama kama mtu anayetafuta njia ya heshima ya kukimbia, lakini samadi akatoa.

Jaruba la kwanza tulikosea. Nililikunja kwa bati, pana na la kina cha vidole, nikaliweka uani kwenye jua. Maji yalikauka vizuri ajabu, lakini chumvi ilikula bati, na kilichobaki kilikuwa uji mwekundu wenye kutu. Bi Zuhura akauliza kama nimemjengea jaruba au nimempikia pilipili. Nikavunja, nikajenga la saruji iliyosuguliwa laini, lenye ukingo mrefu na paa la nailoni inayopitisha mwanga, lililoinamishwa ili mvua isiingie. Lilikausha. Chini ikabaki chumvi ya kijivu, chembe kubwa kubwa, chungu kidogo. Hatukutaka kuila, ilitoka kwa samaki.

Ndipo Bwana Masanja alipopita kunitazama kama bado nina akili, akaiona. Akaiweka kwenye ulimi, naye pia, nikajua huyu ni ndugu yangu. Akaniuliza inatoka wapi. Nilimpeleka sebuleni. Alisimama mbele ya tangi, fimbo mkononi, kitatange akipita mbele ya uso wake, akatazama samaki, akatazama chumvi kwenye kiganja.

"Ng'ombe wangu wanaitafuta hii kila kiangazi," alisema. "Nami nilikuwa nakupa samadi bure."

Kuanzia hapo yeye alileta samadi kwa ajili ya karo na migomba, akachukua chumvi kwa ajili ya ng'ombe. Hakuna aliyemdai mwenzake kitu.

Masika yalikuja, na mimi nikawa silali vizuri. Jua likapotea kwa majuma, jaruba likawa halikauki, na Bi Zuhura akalazimika kuweka maji machafu ya tangi kwenye mapipa uani, yamefunikwa, yakisubiri jua. Mapipa yalipokaribia kujaa alipunguza kubadilisha, akatengeneza chujio la mchanga na mkaa kwenye ndoo, maji yakazunguka humo na kurudi. Samaki hawakufa. Ikaonekana kumbe hawakuhitaji kubadilishiwa maji kama mgonjwa anavyobadilishiwa shuka. Kuna siku ndoo nzima ilikuwa mkononi mwake, mvua inamwagika, pipa limejaa, na choo kiko hatua chache. Alinieleza mwenyewe. Alisema aliitazama bangili kwenye msumari wake, akairudisha ndoo sebuleni, ikakaa pembeni ya kochi mpaka jua lilipotoka.

Na kuna siku niliitwa mbio. Bi Zuhura alikuwa bafuni, amesimama kama nguzo, ananionyesha doa la kijivu kwenye bangili. Nililigusa kwa ukucha, likabanduka. Ilikuwa povu la sabuni lililokauka. Tulitoka nje, kila mmoja akijifanya hakuwa na hofu.

Mvua zilipokatika, ardhi ikaanza kukauka juu, Bwana Hemedi akaniita mwenyewe. Alikuwepo yeye, mkewe, bwana afya aliyekuja kukagua, na Bwana Masanja aliyekuja kuchukua chumvi yake na kukataa kuondoka. Kwanza tulikwenda uani. Hapakuwa na maji juu ya ardhi. Migomba ya upande ule ilikuwa imetoa majani mapya. Nikafungua mfuniko wa karo, nikainama, nikavuta pumzi. Lilinuka choo. Choo tu, choo chenye afya, kilichochacha na kutulia, bila yai viza hata chembe, na humo juu ya maji vilikuwepo vipovu vidogo vikipanda na kupasuka. Vijana, sijawahi kuifurahia harufu kama ile, na sijui kama mtanielewa kabla hamjafika umri wangu.

Kisha Bwana Hemedi akaingia bafuni peke yake. Sisi tukabaki ukumbini. Bi Zuhura alikuwa ameshika mkono wake wa kulia kwa mkono wa kushoto, pale penye alama nyeupe ambayo ilikuwa imeanza kufifia. Samaki walikuwa wakizunguka kwenye kioo nyuma yake, na hakugeuka kuwatazama hata mara moja.

Mumewe alitoka na bangili kwenye kiganja. Aliisugua kwa kidole gumba, akaisugua na kwenye kanzu yake nyeupe, akaikagua kanzu. Haikuwa na weusi. Akaigeuza ndani, akaisugua tena. Kanzu ikabaki nyeupe.

Akauchukua mkono wa mkewe mbele yetu sote, jambo ambalo mtu wa adabu zake asingelifanya hata mbele ya mama yake mzazi, akaivisha bangili mwenyewe, polepole, mpaka ikapita fundo la mkono na kukaa mahali pake. Bi Zuhura akainamisha kichwa.

Pembeni ya tangi palikuwa na ndoo ya maji machafu iliyochotwa asubuhi. Bwana Hemedi aliiona. Akakunja mikono ya kanzu mpaka kwenye viwiko, akainama, akainyanyua.

"Fundi," akaniuliza, "hii inakwenda wapi?"

Nikamwambia kwenye jaruba, Bwana.

Akatoka nayo uani, amepinda upande mmoja kwa uzito, akitembea taratibu ili bahari ya mkewe isimwagike njiani.